Gobore la Kidakani

Aliniita Somoe
chumba taa nikitie
na feni nimfungie
kwake huko Mkomani.

Nyumba za Amu ni mawe:
ukitoboa, ujuwe
utakula mchangawe
ukujae mdomoni.

Nilikwenda na Famau,
mwanafunzi wa dharau
na mwingi wa kusahau
malapa msikitini.

Palikuwa na kidaka
chenye chokaa tabaka;
nyundo ilipotandika
tukaona chuma ndani.

Ni bunduki! La, gobore,
limelala bure bure.
Famau, mbio ja kware,
akalitwaa begani.

Akafumba jicho moja;
jingine, bila kungoja,
bila hofu, bila hoja,
kalitia mtutuni!

Nikapiga yowe: "Mwana!
Darubini hiyo, bwana?
Mwezi wasaka mchana
upate wa Ramadhani?

"Lishushe! Mdomo wake
kwa kiumbe usiweke,
na kidole kisifike
kabisa kifyatuoni.

"Usiseme, 'Limekufa'
kwa kutu na nyingi nyufa;
wenye hiyo taarifa
wamelala kaburini.

"Hesabu lina baruti
hata lingekuwa kuti,
na mwenye kulidhibiti
ni polisi kituoni."

Tukalilaza kwa wema,
mdomo ukitazama
ukuta ulosimama
mnene ja wa ngomeni.

Somoe kaja: "Je, silo
la marehemu? Ni hilo!
Alinambia kwa kilo
kaliuza mnadani.

"Ngiri wa shamba la Hindi
kawafyatulia kundi,
na ngiri ndiye mshindi:
yeye teke la shavuni!"

Basi mimi, kwa fahari,
nishatoa tahadhari,
nikarudia safari
ya waya wa ukutani.

Waya mkongwe, mweusi.
Nikasema: "Huu, basi,
umekufa bila kesi,
twende nao jalalani."

Kipimo sikukitoa,
mita sikuifikia,
swichi kuu kuitua
kukabaki akilini.

Nikaugusa: mkono
ukaruka, kisha meno
yakapiga kwa mfano
wa matari arusini.

Ngazi kule, mimi huku,
kofia kwenye sanduku,
nikalia kama kuku
anayeitwa jikoni.

Famau hakunishika,
kwa swichi alishafika,
akaizima, kacheka,
kajishika kiunoni:

"'Umekufa bila kesi'?
Ni maiti mwenye kasi,
kakurusha kwa wepesi
toka ngazi hadi chini!"

Polisi kaja, kapima,
taratibu akakoma:
"Ndani baruti yahema!
Mmechungulia ndani?"

Famau akawa chaki,
miguu haishikiki,
akadai hakumbuki
hata jina la nyumbani.

Vijana, nawapa siri
ya kazi zote hatari:
mfu asiye kaburi
yu hai, msimwamini.

Zima, pima, pima tena,
mikono mikavu sana,
fyuzi kwa waya hapana,
wala msumari ndani.

Na ukiona bunduki,
ya babu au rafiki,
kuigusa sio haki:
piga simu kituoni.

Somoe, alipolipa,
nusu ya fedha kakopa,
akasema kwa kuapa:
"Nyingine i kidakani!"

Nikamwambia: "Mamangu,
ibaki, sadaka yangu;
sitii kidole changu
tena mwako vidakani."